Nataraja ya kale au Ganesha wa jana? Ulinganisho wa sanamu za shaba za miungu ya Kihindu

Kiswahili kimetuponza kidogo hapa. Sufuria ya bibi ni shaba, waya wa umeme ni shaba, medali ya mshindi wa tatu ni shaba, na vile vifundo vinavyong'aa kwenye milango ya Mji Mkongwe navyo ni shaba. Kwa hiyo muuzaji akikwambia "hii shaba ya kale kutoka India", hajasema uongo, ila hajakwambia kitu. Kuna shaba nyekundu, ndiyo shaba tupu. Kuna shaba ya manjano, iliyochanganywa na zinki. Na kuna bronzi, iliyochanganywa na bati na mara nyingi risasi, ambayo ikizeeka huwa na weusi wa kahawa. Sanamu za miungu ya Kihindu hutengenezwa kwa zote tatu, na kila moja ina mji wake na mafundi wake.

Nimeingia kwenye habari hii kwa sababu ya shemeji yangu wa Mombasa. Alinitumia picha mbili kwenye simu na swali moja: "Shem, nichukue ipi?" Ya kwanza ilikuwa mungu Shiva anayecheza ndani ya duara la moto, umbo linaloitwa Nataraja, mweusi, mwenye ukijani kwenye mikunjo ya nguo, na maelezo ya muuzaji kwamba ana umri wa miaka 300. Ya pili ilikuwa Ganesha mpya, yule mungu mwenye kichwa cha tembo, anang'aa kama sinia la harusi. Alitaka kumpa zawadi mshirika wake wa biashara, kijana wa Kigujarati aliyekuwa anahamia nyumba mpya na mama yake. Bei ya ile nyeusi ilikuwa mara kumi ya ile ya njano.

Nilimjibu asinunue yoyote kwanza. Maelezo yalikuwa marefu kuliko ujumbe wa simu, nayo ndiyo haya.

Ya kale: mungu aliyetoka nje

Bronzi zinazosifiwa kuliko zote zilitoka kusini mwa India, nchi ya Watamil, enzi za wafalme wa Chola, kati ya karne ya 9 na ya 13. Ndani kabisa ya hekalu mungu mkuu kwa kawaida alikuwa wa jiwe, na jiwe halitoki. Siku ya sherehe, hata hivyo, mungu alitakiwa atoke barabarani awaone watu na watu wamwone. Ndipo ikahitajika sanamu ya metali, inayobebeka. Tazama kitako cha sanamu ya namna hiyo: utakuta pete au matundu ya kupitishia miti ya wabebaji. Ilitengenezwa kwa ajili ya kutembea mabegani mwa watu.

Ikiwa safarini ilivishwa hariri, vito na mashada ya maua hadi ukabaki uso na viganja. Kile kiuno na yale mapaja yanayowafanya wageni wa makumbusho wasimame midomo wazi, waliokuwa barabarani hawakuyaona. Waliona macho na mikono. Nadhani ndiyo maana mafundi wale waliweka maana karibu yote kwenye vidole.

Hekalu la Chidambaram peke yake lina desturi tofauti: humo Shiva mchezaji wa bronzi ndiye anayekaa patakatifu, naye mwenyewe ndiye anayetolewa siku za sherehe.

Uzee wa sanamu hizi ni wa namna mbili, na ukizichanganya umeibiwa. Kuna uzee wa udongo. Majeshi ya jemadari Malik Kafur kutoka Delhi yalipofika kusini mnamo 1311, sanamu nyingi zilifukiwa zisiporwe, na nyingine hazikufukuliwa mpaka jembe la mkulima lilipozigonga karne hizi za karibuni. Hizo zina kijani kilichoshikana na metali, kigumu, cha vivuli vingi. Kisha kuna uzee wa mikono, wa zile ambazo hazikuacha kuabudiwa. Zimeogeshwa maziwa, asali na maji ya msandali miaka nenda miaka rudi, zikasuguliwa hadi pua imelala na nakshi za mkufu zimekuwa kumbukumbu tu. Sanamu yenye kijani cha kaburini pamoja na nakshi kali kama za jana inahitaji maelezo mazuri sana. Ya shemeji yangu ilikuwa na kijani kwenye mikunjo tu, palepale ambapo brashi ya dawa ya kuzeesha hukwama.

Tuseme ilikuwa ya kweli. Hapo shida ingekuwa kubwa zaidi. Sheria ya India ya mwaka 1972 inahesabu sanamu yenye miaka 100 au zaidi kuwa kitu cha kale, na mtu binafsi haruhusiwi kuitoa nchini. Kwa hiyo "miaka 300" yalikuwa maneno mabaya kwa muuzaji mwenyewe: ama anadanganya juu ya umri, ama anahitaji karatasi zinazoonyesha sanamu ilitoka India zamani, kabla ya sheria. Nilipomwambia shemeji aulize karatasi, majibu yalipoa.

Hata wakubwa wameungua. Nataraja ya kijiji cha Sivapuram ilipelekwa kwa fundi ikarekebishwe, na kilichorudi hekaluni kilikuwa nakala. Ile halisi ilivuka bahari ikafika mikononi mwa tajiri Norton Simon wa Marekani, na India haikuipata tena mpaka 1986. Nataraja nyingine, ya Pathur, ilichimbwa mwaka 1976 karibu na hekalu lililobomoka na ikaishia London. Kesi yake ilikuwa ya ajabu, kwa sababu miongoni mwa wadai lilikuwemo hekalu lenyewe, na mahakama ya Uingereza ikalisikiliza. Ilirudi India mwaka 1991. Ya tatu iliibwa katika hekalu la Sripuranthan, wilaya ya Ariyalur. Jumba la taifa la sanaa la Australia liliinunua mwaka 2008 kwa takriban dola milioni 5 za Marekani kutoka kwa Subhash Kapoor, mfanyabiashara wa New York, na mwaka 2014 waziri mkuu Tony Abbott akaibeba kuirudisha Delhi. Kilichosaidia kufichua mambo ya namna hii ni picha za nyeusi na nyeupe. Taasisi ya Kifaransa ya Pondicherry ilikuwa imepiga picha sanamu za mahekalu ya kusini tangu miaka ya 1950, kwa hiyo mkwaruzo mmoja begani unatosha kumtambua mungu aliyepotea.

Basi ya kale naiweka hivi: ukitaka kuiona, nenda jumba la makumbusho la Egmore, Chennai, ama jumba la sanaa la Thanjavur, ama British Museum ukiwa London. Kuimiliki ni kazi ya wenye mawakili.

Mpya ya Swamimalai: damu ileile

Watu wengi hawajui kwamba kazi yenyewe haikufa. Swamimalai ni mji mdogo karibu na Kumbakonam, kando ya mto Kaveri, na mafundi wake, wanaoitwa sthapati, bado wanamimina sanamu kwa njia ya enzi za Chola. Fundi huchanganya nta ya nyuki, utomvu wa mti na mafuta ya karanga, akaunda mwili mzima wa mungu kwa nta. Vipimo vyake anavipata kwa ukuti wa mnazi: anaukata urefu wa sanamu, anaukunja mara kadhaa, na kila mkunjo unamwambia uso uishie wapi, kitovu kikae wapi, goti liwe wapi. Mtu wa pwani anayesuka makuti anaweza kuuelewa ufundi huu bila kufafanuliwa.

Nta ikishakamilika hupakwa udongo laini wa Kaveri, ule unaoingia hadi kwenye kope za macho, kisha udongo mzito wa mashamba ya mpunga uliochanganywa na mchanga, na kufungwa kwa waya. Kalibu huchomwa, nta huyeyuka ikatoka, na metali ya moto huingia pale nta ilipokuwa. Halafu kalibu huvunjwa. Haiwezi kutumika tena, kwa hiyo hakuna sanamu mbili zinazofanana kabisa. Baada ya hapo ni wiki za tupa na patasi.

Metali yao wanaiita panchaloha, yaani metali tano. Nyingi ni shaba, pamoja na zinki na risasi, na chembe za fedha na dhahabu kwa heshima ya ibada zaidi ya nguvu. Macho huachwa ya mwisho. Sanamu ya hekaluni hufunguliwa macho kwa sherehe maalumu, na kabla ya hapo ni metali tu.

Alama nyingine ya kusini ni uzito. Wao humimina sanamu ikiwa imejaa, bila uwazi ndani. Ile Nataraja kubwa ya jumba la makumbusho la Rijksmuseum, Amsterdam, ya karne ya 12 na yenye kilo zipatazo 300, ilipopigwa mionzi ilionekana imejaa kabisa. Ukiinua sanamu ndogo ya Swamimalai kwa mkono mmoja utajua mara moja kwamba umekosea kutumia mkono mmoja.

Kwa mtu anayetaka uzuri wa Chola bila aibu ya wizi, hili ndilo chaguo langu, na silisemi kwa kigugumizi. Omba cheti cha idara ya mambo ya kale ya India kinachosema sanamu si kitu cha kale. Kinaondoa mzozo forodhani, na pia kinamfunga muuzaji asije akaigeuza kuwa "ya karne ya 12" ikifika kwako.

Patan na Moradabad, kwa kifupi

Patan, ambayo pia huitwa Lalitpur, ipo bonde la Kathmandu nchini Nepal. Mafundi wa Kinewari huko humimina shaba nyekundu, mara nyingi yenye uwazi ndani, na kuipaka dhahabu. Kwa njia ya jadi dhahabu huchanganywa na zebaki, kisha zebaki hufukuzwa kwa moto, na mvuke wake ni sumu kwa anayeifanya kazi hiyo. Sanamu za Patan zina nyuso za upole na vito vilivyopachikwa, na nyingi ni za Kibudha, kwa hiyo hakikisha unanunua unayemtaka. Mtu mwenye sebule ya mapazia mazito na mwanga wa taa atazipenda. Mimi naziona zimevaa kupita kiasi, lakini hilo ni jicho langu.

Moradabad ni mji wa kaskazini mwa India unaojulikana kama mji wa shaba ya manjano. Vitu vyake hutolewa kwa wingi, na ndivyo vilivyojaa maduka ya zawadi kuanzia Mumbai hadi Kariakoo. Geuza chini: utaona uwazi. Pitisha ukucha ubavuni: mara nyingi utagusa mstari ambapo nusu mbili za kalibu zilikutana. Hakuna ubaya wowote, mradi ulipe bei ya shaba ya manjano. Ubaya unaanza inapopakwa dawa nyeusi na kupewa umri. Ukikwaruza kidogo chini ya kitako, pasipoonekana, na ukaona njano kali, mazungumzo ya "bronzi ya Chola" yameishia hapo.

Yupi: mchezaji, mwenye mkonga, au mtoto?

Kuchagua mji ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuchagua mungu, na hapa mtu asiye Mhindu huteleza, kwa sababu anachagua kwa macho wakati mwenye imani anachagua kwa maana.

Nataraja, Shiva bwana wa ngoma, ndiye anayependwa na wapambaji wa nyumba na hata wanasayansi: serikali ya India iliwapa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kule Geneva, sanamu yake ya mita 2, iliyozinduliwa 2004. Msome kwa mikono. Mkono wa kulia wa nyuma una kingoma kidogo chenye kiuno chembamba, na mdundo wake ndio unaoanzisha uumbaji. Wa kushoto wa nyuma una mwali wa moto unaoteketeza. Wa kulia wa mbele umeinuliwa kiganja wazi: usiogope. Wa kushoto wa mbele unakatiza kifua, umelegea kama mkonga wa tembo, ukielekeza kwenye mguu wa kushoto ulionyanyuliwa, ambao ndio kimbilio la mwenye kutafuta wokovu. Mguu wa kulia umesimama juu ya kijitu kifupi, Muyalakan kwa Kitamil, ambaye ni ujinga na usahaulifu. Hauawi, anakanyagwa. Nywele zimetawanyika pande zote kwa kasi ya mzunguko, na ndani yake mna mwezi mwandamo, nyoka na mto Ganga uliofanywa mwanamke mdogo. Sikio la kulia huvaa herini ya kiume na la kushoto ya kike, kwa kuwa ndani yake wamo wote wawili. Na uso? Umetulia kabisa, kama mtu anayesikiliza mvua.

Utulivu huo ndio unaotenganisha kazi nzuri na mbovu. Nakala mbaya hutabasamu. Nyingine hukosea mikono, au hufanya mguu ulionyanyuliwa uonekane unapiga teke. Ya shemeji yangu ilikuwa na kiganja cha "usiogope" chenye vidole vilivyoshikamana kama kijiko cha upawa.

Kwa zawadi ya kuhamia nyumba, hata hivyo, kuna jambo la ukoo la kufikiri. Familia nyingi za Kihindu za Afrika Mashariki asili yao ni Gujarat na Kutch, kaskazini magharibi mwa India, siyo nchi ya Watamil. Nataraja kwao ni sanaa ya kuheshimiwa, lakini mara nyingi siyo murti, yaani sanamu ya ibada, ambayo nyanya yao aliiwashia taa. Wapo pia wanaosema Shiva anayecheza ngoma ya mwisho wa dunia hafai kuwekwa ndani ya nyumba ya kuishi.

Ganesha ni salama zaidi. Huombwa kabla ya kila jambo jipya: safari, duka, ndoa, nyumba. Pembe yake moja imevunjika, na inasimuliwa kwamba aliitumia kuandikia Mahabharata, utenzi mkuu wa Kihindu, mwenye hekima Vyasa alipousoma kwa imla. Mikononi ana kitanzi cha kuvutia kilichopotea, kichokoo cha kumsukuma aliyesimama, na kitamutamu ambacho mkonga umeshakifikia. Chini yupo panya, kipando chake. Angalia mkonga umegeukia wapi. Ukigeukia kushoto kwake ni wa kawaida nyumbani. Ukigeukia kulia, wengi huamini anataka taratibu kali za ibada, kwa hiyo usimpe mtu mzigo ambao hakuuomba.

Kisha Krishna. Bronzi za kusini zina watoto wawili wanaocheza mguu mmoja juu ambao hata wauzaji wazoefu huwachanganya. Ukiona mtoto mwenye donge la siagi kiganjani, au kiganja kitupu kinachosubiri siagi, ni Krishna. Ukiona mtoto anayenyoosha kidole juu, huyo si mungu. Ni Sambandar, mtoto mtakatifu wa Kitamil wa karne ya 7: alilia kwa njaa kando ya bwawa la hekalu, Parvati, mke wa Shiva, akamnywesha maziwa, na baba yake alipouliza nani amekupa, akaonyesha kwa kidole. Nilifurahi sana kujua hili. Sasa siwezi kupita mbele ya kabati la vioo bila kutafuta kidole.

Ukifika nayo pwani

Upepo wa bahari una chumvi, na chumvi ni adui wa bronzi. Vumbi la kijani hafifu linalofutika leo na kurudi wiki ijayo ni ugonjwa wa metali unaokula ndani kwa ndani. Iweke pakavu, mbali na dirisha, na uipanguse kwa kitambaa kikavu. Usiisugue kwa ndimu na majivu. Shaba ya manjano ya ibada itavumilia, na watu wengi huing'arisha hivyo kila sikukuu, lakini ukifanya hivyo kwenye bronzi yenye umri umefuta asubuhi moja kazi ya miaka 500.

Shemeji hakununua Nataraja, na Ganesha wa njano naye alibaki dukani. Nilimshauri amuulize mama wa yule kijana, jambo ambalo hakulifikiria kwa kuwa zawadi ilitakiwa iwe ya ghafla. Mama alicheka, akasema Ganesha anao watatu. Alitaka Laddu Gopal, yule Krishna mchanga anayetambaa na donge la siagi mkononi, kwa sababu huyo huogeshwa na kuvishwa kila asubuhi, na yeye amestaafu na mikono yake haina kazi. Akawa na sharti moja tu. Mapokeo ya murti za nyumbani ni kwamba zisizidi shibiri, kwa hiyo alitandaza kiganja mezani, kidole gumba hadi kidole cha mwisho, na kumwambia shemeji apime kwa uzi aende nao dukani.